Mzigo upi ni msalaba wako?

Ukikaa na Waswahili wa St Marys, magharibi mwa Sydney, baada ya ibada ya Jumapili, chai ikiwa mezani na watoto wakikimbizana uani, hutakosa kumsikia mtu akisema, "Ndio msalaba wangu, nifanyeje?" Huyu anazungumzia mgongo unaomuuma tangu aanze kazi ya ghalani kule Erskine Park. Yule anazungumzia mume mkali. Mwingine ana bosi anayempunja saa, au ndugu wa Uvira wasiochoka kuomba, au kisukari, au mtoto aliyeacha kuja kanisani. Mambo yasiyofanana hata kidogo yanafungwa furushi moja na kupewa jina takatifu, na likishapewa jina hilo hakuna anayethubutu kulifungua.

Nashauri tulifungue. Mkristo hana pa kuukwepea msalaba. Bwana alisema wazi kwamba anayemfuata aubebe kila siku, na mahubiri ya kuahidi gari na viza bila jasho tumeyasikia ya kutosha. Lakini si kila kinachouma ni dhabihu. Dhabihu ina mtu anayeitoa kwa hiari yake, na ina mtu anayefaidika nayo. Maumivu uliyolazimishwa, tena yasiyomfaa yeyote, yanahitaji daktari au mwanasheria au likizo kabla hayajahitaji shukrani. Ugonjwa usiopona ni habari nyingine, nitaufikia.

Mji tunaoishi una jina linalofaa mazungumzo haya. St Marys imeitwa hivyo kwa sababu ya kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Maria Magdalena, jengo la matofali lililoanza kujengwa 1837 na kuwekwa wakfu 1840. Magdalena hakusulubiwa. Alichofanya ni kubaki. Injili zinamweka karibu na msalaba wakati wanaume wengi waliojiapiza wamekwisha kutoweka, na zinamweka tena kaburini alfajiri. Sehemu kubwa ya mateso ambayo Mungu ataomba kwako katika mitaa hii ni ya namna yake: kukaa na mtu mahali ambapo wengine wangeondoka.

Chukua zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, kazi inayolisha kaya nyingi za Waafrika huku magharibi mwa Sydney. Mzee ana ugonjwa wa kusahau. Anatema dawa, anakuita kwa tusi la rangi yako, na baada ya dakika kumi anakushika mkono na kukuita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Unamsafisha. Unambadilisha shuka. Unamgeuza ubavu kila baada ya muda ili ngozi isichubuke ikawa kidonda. Kesho hatakumbuka kama ulikuwapo, na watoto wake hawajui jina lako. Hapo dhabihu imekamilika, hata kama mwisho wa wiki unalipwa, maana mshahara unanunua saa zako tu. Ule upole wa saa tisa za usiku hakuna aliyekulipia. Ukitaka sala ya kazini, iwe fupi: kabla ya kufungua mlango mtaje huyo mzee kwa jina mbele za Mungu, kisha mfanyie kile ambacho ungefanya kama mama yako angekuwa amelala pale.

Sasa hatua chache tu kwenye ukumbi uleule. Mashine ya kumnyanyulia mzee kutoka kitandani inahitaji watu wawili. Mwenzako hajaja, na msimamizi anakwambia umnyanyue peke yako: "Ninyi Waafrika mna nguvu." Ukikubali kwa jina la uvumilivu wa Kikristo, mgongo ukavunjika au mzee akaanguka, hiyo imekuwa dhabihu, ni kweli, ila imetolewa kwa mtu aliyeokoa mshahara wa mfanyakazi mmoja. Kataa kwa adabu, omba mtu wa pili, andika kwenye taarifa ya tukio saa na jina la aliyekuagiza. Upendo kwa mzee ndio unaokutaka ukatae.

Unyonyaji unapenda sana kuvaa joho la wito. Nchi hii imelikiri jambo hilo kwa karatasi rasmi. Novemba 2022 baraza la taifa la masuala ya kazi, Fair Work Commission, lilikubali hoja ya vyama vya wafanyakazi kwamba kazi ya kuwatunza wazee ilikuwa ikilipwa chini ya thamani yake, na nyongeza ya asilimia 15 ikaanza 30 Juni 2023. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kazi ya wanawake, kazi ya moyo, na mwenye moyo haulizi bei. Mtume Yakobo hakuwa na subira na hesabu hizo. Kwake yeye mshahara uliozuiliwa wa vibarua unapiga kelele hadi masikioni mwa Mungu. Kama unalipwa pungufu, piga 13 13 94, ofisi ya Fair Work Ombudsman. Kiingereza kikikupiga chenga, anza na wakalimani wa serikali, 131 450, useme "Swahili". Sheria hizo za mshahara zinamlinda hata mwenye viza ya muda.

Tuje kwenye pesa za nyumbani, maana hapo ndipo wengi wetu tunapojiona tumebeba msalaba mzito kuliko wote. Saa tatu usiku ya Nairobi, wakati watu wamemaliza kula na kukumbuka shida zao, huku kwetu majira ya joto ni saa kumi na moja alfajiri. Simu inalia. Karo, dawa, mabati, harusi ya binamu usiyemjua. Kutuma ni jema, tena ni wajibu. Waliotusomesha kwa kuuza mbuzi hatuwezi kuwageuzia kisogo. Mtume Paulo, alipokuwa akiwachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliwawekea kipimo cha busara: mtu atoe kwa kadiri ya alicho nacho, wala haikusudiwi wengine wastarehe ninyi mkilemewa. Kwa hiyo kaeni mume na mke, mpange kiasi cha kila mwezi, na kiasi hicho kijulikane nyumbani. Karo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Usikope mkopo wa haraka ili uonekane mkarimu. Riba yake wataila wageni, na deni litawabana watoto wako. Kama umeshanasa, washauri wa madeni wa 1800 007 007 hawatozi kitu.

Lakini nina neno gumu zaidi juu ya pesa. Huku Sydney, pesa ndiyo dhabihu rahisi. Ukituma dola 200 kwenye mchango wa msiba, jina lako linapanda kwenye orodha ya kikundi cha WhatsApp, mikono ya pongezi inamiminika, na kwenu kijijini unaombewa kwa jina. Ukiacha zamu ya Jumamosi, yenye malipo mazuri kuliko siku za kazi, ili ukae na kijana wako wa miaka 14 ambaye ameanza kujifungia chumbani, hakuna orodha utakayoandikwa. Nyumbani watasema umekuwa bahili. Wenzako watauliza kama ulikuwa mgonjwa. Kijana mwenyewe pengine atakutazama kama umempotezea muda. Jipime hapo. Kile tunachokitoa bila sifa ndicho kinachotuonyesha tulikuwa tunamtolea nani.

Yesu aliwahi kuwakemea watu wa dini waliotangaza kwamba mali yao imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze wazazi wao. Hesabu hiyo inageuka vilevile upande wa pili. Ipo familia inayotoa zaka bila kukosa, inayochangia ujenzi wa kanisa la kijijini, inayoimba kwaya mbili, na watoto wake wanakula mkate na siagi mbele ya televisheni siku nne kwa wiki kwa sababu baba yuko zamu na mama yuko mazoezi. Wale watoto hawakuulizwa. Wametolewa dhabihu na watu wengine.

Na hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo sitalizunguka. Mwanamke anayepigwa hana msalaba wa kubeba katika kipigo hicho. Wazee wanaomwambia "vumilia, Yesu naye alivumilia" wanamsingizia Yesu. Yeye aliutoa uhai wake mwenyewe. Hakumkabidhi mtu mwingine apigwe ili ndoa yake ionekane nzima. Hata Ibrahimu, aliyepanda mlima akiwa na kisu, alizuiwa mkono. Yesu aliwaagiza wanafunzi kwamba wakiudhiwa katika mji huu wakimbilie mji mwingine. Paulo, huyo huyo aliyejivunia majeraha yake, alishushwa ndani ya kapu ukutani mwa Dameski usiku ili asiuawe, na walipomfunga kamba wamchape kule Yerusalemu aliwauliza askari kama ni halali kumpiga raia wa Roma asiyehukumiwa. Mtume mzima alitumia makaratasi yake ya uraia. Wewe unaogopa nini kutumia yako?

Hatari ikiwa sasa hivi, piga 000. Ukitaka kuongea na mtu anayejua mambo haya, mchana au usiku, ni 1800 737 732. Tangu 1 Julai 2024, katika jimbo letu la New South Wales, si ngumi peke yake iliyo kosa: mwenzi anayekunyang'anya simu, kadi ya benki na pasipoti, anayekukataza kuonana na watu na kukutisha mfululizo ili akutawale, anaweza kushtakiwa kwa jinai. Na ile hofu kubwa kuliko zote, kwamba ukimshtaki utarudishwa: sheria za uhamiaji zina kifungu kwa waathirika wa ukatili walio kwenye viza ya mwenzi, kinachowezesha maombi ya ukaazi kuendelea hata ndoa ikivunjika. Usimtegemee shemeji akufafanulie. Nenda Legal Aid NSW, au kwa wakili wa uhamiaji, ueleze hali yako.

Ninyi wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa, dada akija kwenu analia, swali la kwanza ni kama yuko salama usiku wa leo. Upatanisho utangoja. Kusamehe anaweza akiwa nyumba nyingine, tena mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Na huyo mwanamume, ambaye huenda alikuwa mkuu wa shule kule Bukavu na huku anapanga maboksi, naye anahitaji ndugu wa kukaa naye, kwa masharti kwamba mkono umeshushwa na kosa limetajwa kwa jina lake.

Wapo pia waliokuja na vita kichwani. Wamepita kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nakivale, Kakuma. Mwili ulishuka uwanja wa ndege wa Sydney, usingizi ukabaki njiani. Tunawaambia waombe zaidi. Waombe, ndiyo, lakini jimbo hili lina shirika la STARTTS, lililoanzishwa 1988 kwa ajili ya kuwatibu waliopitia mateso na vita, nalo linafanya kazi na wakalimani. Kama mtu anaona aibu kwamba Mkristo hatakiwi kuzungumza na mshauri, mkumbushe ilikotoka Lifeline, simu ya 13 11 14 ambayo Australia nzima inaifahamu. Iliasisiwa Sydney 1963 na mchungaji wa Kimethodisti, Alan Walker, baada ya mtu aliyempigia simu akiwa katika dhiki kujiua. Mchungaji aliumia, na maumivu yake akayageuza kuwa watu wanaopokea simu saa nane za usiku.

Msomaji anaweza kudhani sasa nimefuta mateso yote nikaacha namba za simu. Hapana. Nimeondoa yasiyo yako ili yaliyo yako yaonekane.

Yaliyo yako ni yapi? Mtazame Floribert Bwana Chui wa Goma. Alikuwa kijana wa miaka 26, ofisa katika ofisi ya serikali ya kukagua ubora wa bidhaa, na jioni alikuwa na watoto wa mitaani pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio. Kazini walimjia watu wenye mchele ulioharibika, na hongo, wakitaka aupitishe uuzwe sokoni. Alikataa. Wakamshinikiza, akakataa tena. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri 15 Juni 2025 mjini Roma. Hakuna mahali ambapo Floribert aliyatafuta mateso. Alitafuta watu wa Goma wasile sumu, na bei ya jambo hilo ikapanda hadi uhai. Alijua kabisa analipa kwa ajili ya nani.

Bei yetu huku ni ndogo, ndiyo maana tunaona haya kuiita mateso. Ndugu anakuomba umsainie barua ya uongo kwa Centrelink, ofisi ya misaada ya serikali. Ukikataa, familia tatu hazitakusalimia Pasaka. Kikundi cha kabila lako kimeamua kumsusia mwenyekiti wa kabila jingine. Ukienda kumtembelea mkewe hospitali ya Nepean, utaitwa msaliti. Unajua michango ya msiba uliopita haikufika yote. Ukiuliza hesabu, utaambiwa una roho mbaya. Hayo yapokee. Usiyajibu kwa tusi na usiyaandikie hadithi ndefu ya kujihurumia. Yatakuuma kwa miezi, hasa kwenye mji ambapo Waswahili ni wachache na kila mtu anamhitaji mwenzake. Mateso ya namna hii yamekuja kwa sababu ulikuwa ukienda mahali sahihi, na hayaepukiki bila kugeuka.

Ukitaka kuona jinsi ya kuyabeba bila kuwa mnyonge, panda treni ya T1 hapo St Marys, inakupeleka moja kwa moja North Sydney, kwenye kaburi la Mary MacKillop. Yeye na padre Julian Tenison Woods walianzisha shirika la masista 1866 kuwafundisha watoto wa maskini. Septemba 1871 askofu wa Adelaide alimtenga Mary na Kanisa kwa kosa la kutotii. Masista wengi wakatolewa makwao, na aliyewapa nyumba ya kukaa alikuwa mfanyabiashara Myahudi, Emanuel Solomon. Mary aliwazuia masista wasimseme vibaya askofu. Februari 1872 askofu, akiwa karibu kufa, aliondoa adhabu. Wengi huishia hapo wanapohubiri habari zake, wakimsifu kwa kunyamaza. Mimi naona mwaka uliofuata una uzito uleule: 1873 alisafiri peke yake hadi Roma kutetea kanuni ya shirika lake, ili masista waongozwe na mkuu wao badala ya kila askofu kuwaamulia. Alisamehe, kisha akafuatilia haki kwa mlango halali. Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu 17 Oktoba 2010, wa kwanza wa Australia.

Juu ya kufunga nina machache. Kwaresima huku inaangukia mwishoni mwa joto, na joto letu si la mchezo. 4 Januari 2020 jirani zetu wa Penrith walifika nyuzi 48.9. Anayebeba maboksi asijinyime maji. Mwenye kisukari amuulize daktari kwanza. Unaweza kufunga simu, au kufunga zamu moja ya ziada kwa wiki. Na chakula ulichokiacha kiwe na tumbo la kukipokea, kama nabii Isaya alivyosisitiza, la sivyo umepunguza uzito tu.

Nilisema nitafika kwenye ugonjwa usiopona. Huo hukuuchagua, na hakuna wa kushtakiwa. Figo zimechoka, au saratani imerudi, au mtoto amezaliwa na hali ambayo madaktari wanaweza kuituliza tu. Mkristo haanzi kwa kusema asante. Yesu mwenyewe, Gethsemane, aliomba kikombe kiondolewe, akaomba zaidi ya mara moja, na akawataka rafiki zake wakeshe naye kwa sababu hakutaka kuwa peke yake. Basi omba uponywe, meza dawa, lia ukihitaji kulia. Ukishafanya hayo, na maumivu yakabaki, ndipo unaweza kuyashika mkononi na kusema haya nayo nampa Mungu, kwa ajili ya mtu fulani. Mtaje. Mateso yenye jina la mtu ndani yake yanabebeka tofauti na mateso matupu. Waulize wagonjwa wa muda mrefu, watakueleza vizuri kuliko padre.

Lakini njiani kwenda Kalvari hata Yesu alibebewa. Simoni wa Kirene, mtu kutoka Afrika, alikamatwa njiani akabeba. Waafrika wa leo tunajua sana kubeba vya wenzetu, kubebewa ndiko kunakotushinda. Mwambie mtu wa jumuiya akupeleke Nepean siku ya matibabu. Usipande basi ukiwa na kichefuchefu ili watu wasijue unaumwa. Mwambie mwingine akuchukulie watoto shuleni. Na wakija jioni kukuangalia, baki kwenye kochi, usinyanyuke kuwapikia. Jikoni wanapajua, unga upo, na atakayesonga ugali mbovu mtamsema baadaye.